Layers Kumi na Nne

Nianze kwa kukubali mwenyewe, msije mkasikia kwa mtu mwingine akawaongezea chumvi. Ni kweli, mimi Mwenda, mchoraji wa kadi na mabango pale Gakoromone, Meru mjini, nilimtangaza mtu kuwa marehemu mbele ya ukoo wake wote, na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika maikrofoni. Tena hakuwa mtu wa hivihivi. Alikuwa msemaji wa ile familia niliyokuwa natafuta mke kwao, yule ambaye wazee wetu wangekaa naye chini wakitaka kuzungumza. Nimekaa na hiyo aibu mwaka mzima na sasa naona imepoa kiasi cha kushikika, kwa hivyo sikilizeni.

Wawira mnamjua (wale hamumjui, ni mwalimu, anafundisha shule moja kule Ruiri, na kwao ni Embu, juu kidogo ya Runyenjes, kwenye mashamba ya kahawa). Baba yake pia alikuwa mwalimu hadi alipostaafu, na mpaka leo anaitwa Mwalimu Ireri, hata mkewe anamwita Mwalimu. Huyu mzee ana daftari moja la jalada jeusi ambalo ameandikia ukoo wake kwa miaka mingi, nani alizaa nani, nani aliolewa wapi, nani alitangulia mbele za haki. Sasa mwaka jana familia ikapanga kukutana Jumamosi moja kumshukuru Mungu na kumkumbuka babu yao, Mzee Njeru, na Mwalimu akamwuliza Wawira kama yule rafiki yake wa kompyuta anaweza kulichora lile daftari likawa mti, kitu kikubwa cha kutundika ukutani watu wakaone.

Wawira aliponiambia alinitazama vile mwalimu anamtazama mwanafunzi ambaye anataka sana apite. Akasema hiyo ndiyo siku watakayoniona wote mara moja, na nikifanya vizuri huenda tarehe ya kuleta wazee wangu ikatolewa papo hapo, na nikiharibu, basi, kwao watu hawasahau. Nikamwambia kazi kama hiyo kwangu ni ya asubuhi moja.

Haikuwa ya asubuhi moja. Nilienda Runyenjes, nikaketi na Mwalimu sebuleni, yeye anasoma daftari na mimi naandika kwenye laptopu, na nikaifanya vizuri, hilo hata adui yangu atakubali. Kwa wale ambao kazi zenu hazina mambo haya, niwaeleze kidogo. Mchoro wa kompyuta unaupanga kwa layers, yaani fikiria karatasi za plastiki zinazoonyesha chini, umezipanga moja juu ya nyingine. Kwenye karatasi moja unaandika majina ya nyumba ya kwanza, kwenye nyingine unachora matawi, nyingine unaweka rangi ya nyuma, na ukitaka kusogeza kitu kimoja unagusa karatasi yake tu na zile zingine hazisumbuki. Mimi nilikuwa na layers kumi na nne, kila moja na jina lake. Ya mwisho, ya juu kabisa, niliiita Misalaba. Mwalimu alitaka kila aliyefariki awekewe msalaba mdogo kando ya jina, na kwenye daftari walikuwa kumi na mmoja. Nikaweka yote kumi na mmoja nikinakili tu, bila kufikiria nani ni nani, macho kwenye daftari na kidole kwenye kipanya.

Nikarudi Meru, nikatoa nakala ya PDF ya kumtumia Mwalimu aione kwenye simu, akaipenda. Laptopu yangu ilikuwa imejaa picha za harusi za watu na ilikuwa ikilalamika kila nikiiwasha kwamba nafasi imekwisha, kwa hivyo nikaanza kufuta vitu. Nikaona kuna mafaili mawili ya mti wa Mzee Njeru, ile PDF na lile la kuchorea lenye layers zangu. Nikajiuliza, mbili za kitu kimoja ni za nini? Nikafuta lile kubwa. (Ndiyo, lile kubwa. Msinitazame hivyo.)

Siku tatu kabla ya sherehe Mwalimu akapiga simu akasema ukuta ambao bango litatundikwa ni mfupi kwenda juu lakini mpana, kwa hivyo mti ulale, usisimame. Nikasema hakuna shida. Nikafungua PDF kwa ile programu ya kuchorea, na nikakuta layers zote zimepotea. Vitu vyote vilikuwepo, kila jina, kila tawi, kila msalaba, lakini vimemwagwa kwenye layer moja, mamia ya vitu visivyo na jina wala mpango, na majina mengine yamekatikakatika herufi moja moja. Kushika jina moja bila kushika tawi la jirani ilikuwa kazi.

Hata hivyo sikuogopa sana, kwa sababu kuna ujanja. Layers zikivunjika, ule mpangilio wa nani alichorwa kwanza na nani baadaye haupotei, unabaki kwenye orodha ya vitu, kutoka chini kwenda juu. Nikaanza kuifuata orodha mmoja mmoja, hili ni la nyumba ya kwanza, hili la pili, nikawa natengeneza layers upya na kuzirudishia vitu vyake. Nikahamisha nyumba ya kwanza upande wa kushoto, ya pili katikati, ya tatu kulia, mti ukalala vizuri kabisa. Halafu nikaona pale katikati pa zamani kumebaki misalaba kumi na mmoja haina wenyewe. Nilikuwa nimehamisha watu nikasahau misalaba yao, na kwa kuwa nilikuwa nahifadhi juu ya PDF ile ile, mti wa mwanzo ulibaki kwenye simu ya Mwalimu peke yake.

Hiyo nayo nikaifuata kwa orodha. Niliiweka kwa mfuatano wa daftari, kwa hivyo wa kwanza ni wa Mzee Njeru mwenyewe, wa pili ni wa mkewe, na kuendelea. Kumi nilipata wenyewe. Mmoja ulinishinda. Nilikumbuka tu kwamba jina lilikuwa Njeru, na Njeru kwenye ule mti ni wengi. Nyinyi mnajua kwetu nyumbani mtoto hupewa jina linalotaja tabia ya yule anayerithiwa, kwa hivyo mzee mmoja anaweza kuwa na wajukuu watano wa kumrithi na kila mmoja ana jina lake. Kule kwa akina Wawira, kijana wa kwanza anaitwa jina la babu yake lile lile, hakuna kubadilisha. Mzee Njeru alizaa wana watatu, Namu, Mugo na Ireri, na kila mmoja alipopata kijana wa kwanza akamwita Njeru. Mwalimu hakutaka niandike Njeru wa nani, alisema tawi lenyewe linaeleza. Huyo wa Mugo nilimjua, yuko Mombasa na huwa anapiga simu. Walibaki Njeru wa Namu na Njeru wa Ireri.

Basi nikafanya la maana, nikampigia Mwalimu nimwulize. Mazungumzo hayo nayakumbuka neno kwa neno.

"Mwalimu, samahani kukusumbua. Nimepata shida kidogo. Layers zangu zimepotea."

"Zote?"

"Zote, Mwalimu."

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Pole sana, kijana yangu. Ni mwizi, ama ni ugonjwa?"

Nikashangaa kwamba mzee wa miaka yake anajua habari za virusi vya kompyuta. Nikamwambia hapana, si ugonjwa, ni makosa yangu mwenyewe, nilifungua tu asubuhi nikakuta hakuna hata moja.

"Hiyo ni ile mnyama inaitwa kicheche," akasema. "Usinunue zingine haraka. Jenga kwanza banda ya waya, na chini uweke simiti."

Hapo ndipo nilielewa. Mkulima yeyote wa huku akisikia layers anasikia kuku wa mayai, hakuna kitu kingine. (Mswahili wa pwani angesema kuku wangu wamepotea, na lile neno zangu lingemtia shaka mapema. Sisi wa mlimani kuku ni zangu, viatu ni zangu, hata wajomba ni zangu, kwa hivyo hakuna kitu kwenye lugha yetu kingeniokoa.) Nikafungua mdomo nimrekebishe. Lakini mzee alikuwa ameendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa laini. Akasema nimemfurahisha. Alikuwa na wasiwasi, hakutaka kuuficha, kwamba binti yake anaenda kwa mtu wa kukaa kwenye kiti akitazama kioo mchana kutwa, mtu asiye na hata kuku mmoja. Sasa amejua nina mkono wa shamba. Nikasema asante, Mwalimu.

Hilo neno asante ndilo lililonimaliza. Ningesema tu, hapana Mwalimu, ni za kompyuta, tungecheka na yangeisha. Lakini nilitaka sana huyo mzee anipende, na alikuwa ameanza, na niliona nikimrekebisha nitakuwa narudisha zawadi. Na kwa sababu tulikuwa tumezungumza kuku mpaka salio likaisha, sikuuliza habari za Njeru.

Nilijiambia nitapiga tena jioni. Jioni akapiga yeye, akampa simu mama Wawira, ambaye aliniuliza zilikuwa za rangi gani. Nikasema za kahawia. (Uwongo wa kwanza wa mdomo, ule mwingine ulikuwa wa kunyamaza tu.) Akaniuliza kama zilikuwa zimeanza kutaga, nikasema zilikuwa karibu. Akasikitika kabisa, kwa moyo safi, na mimi nikawa natoka jasho hapo Gakoromone kwa ajili ya kuku ambao hawakuwahi kuzaliwa. Baada ya hapo kila nikishika simu nimwulize Mwalimu juu ya Njeru, nilijua nitaulizwa banda limefika wapi.

Wawira naye alisikia habari kwa mama yake, akanipigia, akaniuliza ni kuku gani ninazofuga mimi ambaye nimepanga chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Nikamweleza. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema nimwambie baba yake ukweli kabla ya Jumamosi, yeye hataki kuingilia. Akaomba pia nimtumie bango alitazame kabla halijachapishwa. Nikakataa, nikasema nataka iwe mshangao. Ukweli ni kwamba sikutaka aone msalaba mmoja umekaa pembeni hauna mwenyewe, ajue kwamba sikuwa nimemaliza.

Kwa hivyo nikaamua mwenyewe. Nilifikiri hivi, na niliona nimefikiri kwa akili: Njeru wa Namu ni wa nyumba ya mkubwa, lazima ni mtu mzima sana. Njeru wa Ireri ni ndugu ya Wawira, na Wawira ana kaka yuko Qatar anaitwa Pato, basi Pato ndiye Njeru. Aliye mzee ndiye aliyefariki. Ningehesabu vizuri ningeona kwamba kwenye tawi la Ireri kuna wavulana wawili, Njeru na Muriuki, na mimi namjua kaka mmoja tu. Sikuhesabu. Nikauchukua ule msalaba nikauweka kwa Njeru wa Namu, nikausawazisha uwe sawa na mingine, nikapeleka bango likachapishwa.

Kuna mtu mmoja sijamtaja. Tangu mipango ianze nilikuwa nikipigiwa simu na binamu mkubwa wa Wawira, mtu wa karibu miaka sitini, mwenye sauti nzito, akiuliza bango ni la ukubwa gani na litafika saa ngapi. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa pale kwao na kila mtu anamwita Chair, na mimi nikamhifadhi kwenye simu hivyo hivyo, Chair. Yeye ndiye msemaji wa familia kwenye mambo ya ndoa. Hakuna siku nilijiuliza kama Chair ana jina lingine, wala yuko wapi kwenye ule mti ambao nilikuwa nimeuchora mara mbili.

Jumamosi nikafika kwa Mwalimu na bango langu limekunjwa vizuri, suti imepigwa pasi. Kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimepewa pole na watu sita. Layers kumi na nne zilikuwa zimefika arobaini kufikia pale getini. Mama Wawira akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jikoni, akanionyesha boksi lililotobolewa matundu, ndani kuna kuku sita wa kienyeji karibu kuanza kutaga. Akasema nisiende nyumbani mikono mitupu, nianze tena nao. Nilisema asante tena. Nilijidharau sana wakati huo, lakini nilisema.

Bango likatundikwa na watu wakalifurahia. Walikuwa wengi, wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, na kila mmoja alikuwa akija karibu anatafuta jina lake, anaweka kidole, anamwita mtoto wake aone. Mama Wawira alikuja mapema kuliko wote, akasimama hapo muda mrefu, akarudi kuketi. Mimi niliona hiyo ni heshima kwa kazi yangu. Mwalimu yeye hakujua ameweka wapi miwani kwa haraka za asubuhi, kwa hivyo alitazama kwa mbali, akaridhika na umbo.

Baada ya maombi, Chair akachukua maikrofoni. Akasema sasa tusimame tuwakumbuke waliotutangulia, kijana wetu wa Meru ametuwekea msalaba kwa kila mmoja, na yeye atasoma majina, kila nyumba iitikie amina. Tukasimama. Akasoma Mzee Njeru, amina. Akasoma mkewe, amina. Akaenda kwa Namu, baba yake mwenyewe, sauti ikashuka kidogo, amina. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, mikono nimeikunja, nimejaa fahari ambayo haikuwa yangu kuwa nayo. Kisha akashuka tawi la Namu kwa kidole.

"Njeru," akasoma. "Wa Namu."

Watu wengine walisema amina, kwa mazoea. Chair hakuendelea. Aliondoa miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha, akasogea mpaka pua ikakaribia bango.

"Huyu ni mimi," akasema kwa maikrofoni.

Mke wake, ambaye alikuwa karibu nami, alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba yeye hajaambiwa, na hapo kicheko kikaanza nyuma kabisa kikaja mbele, lakini Chair hakucheka. Aliuliza nani aliandika. Kila mtu alijua nani aliandika. Nikatoka mbele, nikasimama kando ya bango nikiwatazama wale watu wote.

Nikasema samahani sana. Nikasema ni makosa ya kompyuta. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa na sikupata neno lingine, nikasema layers zangu zilipotea, na nilipokuwa nazirudisha ndiyo msalaba mmoja ukaenda mahali si pake.

"Sasa kuku inahusika namna gani na mimi?" Chair akauliza.

Hapo hapakuwa na njia ya kupita tena. Nikawaambia, kwa ile maikrofoni aliyoninyooshea, kwamba hakuna kuku. Layers ni sehemu za mchoro. Sijawahi kufuga kuku, naishi juu ya duka la mbegu, Mwalimu alinipa pole kwa simu na mimi nikaipokea kwa sababu niliona ananipenda, na nikaogopa kumpigia tena kumwuliza ni Njeru yupi, nikakisia. Nilisema yote kwa mfululizo bila kupumua. Nilipomaliza nilimtafuta Mwalimu kwa macho, na alikuwa ananitazama kwa ule mtazamo wa mtu anayesahihisha mtihani.

"Kwa hivyo za kahawia hakuna," akasema mama Wawira.

"Hakuna, Mama."

Watu wengine walicheka, wengine waliguna. Mimi nilijua nimemaliza mambo yangu pale, tarehe ya wazee nimeizika mwenyewe, na nilitamani tu mtu aniambie niende. Lakini Chair hakuwa amemaliza. Alikuwa msomaji wa hesabu za kiwanda miaka mingi na kitu kisipolingana hakiachi. Akasema kama msalaba huu si wake, basi ni wa mtu, na huyo mtu hajasomwa. Akauliza ni wa nani.

Niliona wale wakubwa wakitazama chini. Halafu Mwalimu Ireri akainuka, akaja mpaka kwenye bango, akalifuata tawi lake mwenyewe kwa vidole, uso karibu na bango, maana hakuwa na miwani, akaweka kidole kwenye jina la kwanza, juu ya Wawira.

"Ni huyu wetu," akasema. "Alikuwa na miaka miwili."

Nilimtazama Wawira. Alikuwa anamtazama mama yake. Baadaye aliniambia kwamba yeye alizaliwa baada ya huyo kaka kwenda, na kwao hatajwi, si kwa kukatazwa, ila hakuna aliyewahi kuanza. Mimi nilikuwa nimemweka Qatar.

Mtu mmoja akaleta kalamu ya wino mzito. Chair akaipokea, akanipa, akaniambia nirekebishe. Nikaifungua. Niliona haya, kwa sababu mpaka dakika hiyo aibu yangu ilikuwa ni ya kuchekwa, na sasa ilikuwa ni kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake. Nikainua kalamu kwenye lile jina.

"Ngoja," akasema mama Wawira.

Alikuwa amesimama. Alisema kwa Kiswahili, ambacho huwa hakitumii sana, nadhani alitaka mimi nielewe bila kutafsiriwa.

"Nimemwona tangu asubuhi hapo na wenzake, hana kitu juu yake. Mwacheni tu hivyo. Hata mpaka tukule."

Nikashusha mkono. Sikujua nimtazame nani, nikamtazama Chair, yeye ndiye mwenye mambo. Akaangalia msalaba wake, akamwangalia mama Wawira.

"Sawa," akasema. "Huu ukae na mimi mpaka tukule. Hauniumi."

Akasoma majina yaliyobaki, tukaitikia amina kwa kila moja, tukaketi, chakula kikaletwa. Watu walikula wakizungumza mambo ya kahawa. Mama Wawira alikula akiwa ameketi amegeukia bango. Sahani zilipokusanywa alikuja kwangu, akanyoosha mkono, nikampa kalamu, akaenda akauweka ule msalaba mwenyewe, mdogo sana, huwezi kuuona usipokaribia. Kisha akaninyooshea kalamu nimfutie Chair msalaba wake, na sikuwa na cha kumfutia, nikakata kipande cha karatasi nyeupe nikabandika kwa gundi.

Kuku walirudishwa bandani. Tarehe ya wazee haikutolewa siku hiyo, wala mwezi huo. Mwalimu alikaa wiki sita bila kupokea simu yangu, na alipopokea aliniambia niende na laptopu, tuanze daftari upya kutoka ukurasa wa kwanza, na safari hii nisiandike jina mpaka yeye amenieleza huyo mtu alikuwa nani. Ilituchukua Jumamosi nne. Jumamosi ya nne, tulipofika tawi lake, alisukuma daftari kwa mkewe akatoka nje kuangalia ng'ombe, na mama Wawira ndiye aliyenieleza, kuhusu meno yake ya mbele na vile alivyopenda kushika mikia ya mbuzi, na mimi nikaacha kuandika nikawa nasikiliza tu. Wazee wangu walienda Agosti, na Chair aliwapokea mlangoni akajitambulisha kwa jina lake lote.

Siku hizi sifuti faili la kwanza la mtu yeyote, hata kompyuta ilalamike namna gani. Mtu akinipa pole ambayo si yangu, nairudisha hapo hapo. Na mteja akiniletea majina ya watu wake, ya mazishi au ya harusi, nauliza jina moja moja, hasa lile ninaloona nalijua, na mama mwenye mtoto akiwa hapo, yeye ndiye namwuliza kwanza.